Namba ya uzi hufuata mkono

Ukiingia duka la vifaa vya muziki ukasema unataka nyuzi za gitaa, muuzaji atakuuliza, "Namba ngapi?" Mzazi asiyelijua gitaa hujibu, "Zozote, bora ziwe imara." Jibu hilo linaonekana la busara, kwa sababu ndivyo tunavyonunua viatu vya shule na kamba za kuanikia nguo. Kwa gitaa mambo ni tofauti. Namba ile ndiyo inayoweza kuamua kama mtoto atakaa na chombo mpaka ajifunze, au atakitundika ukutani baada ya wiki tatu akisema hana kipaji.

Haya nimeyajua nyumbani kwangu Morogoro. Mimi si mpiga gitaa. Ni mke, ni mama wa watoto watatu, na tunaishi nyumba moja na baba mkwe wangu, ambaye ujana wake wote alipiga gitaa la ridhimu katika bendi moja ya dansi ya mji huu. Mtu wa umri wake aliyekulia Morogoro hahitaji kuelezwa gitaa ni nini. Huu ndio mji wa Morogoro Jazz, bendi aliyoing'arisha Mbaraka Mwinshehe kabla ya kwenda kuanzisha Super Volcano, na kabla ya ajali ya gari iliyomuua nchini Kenya mwaka 1979. Baba mkwe wangu hakupata jina kubwa kama hilo. Alipiga, akalipwa kidogo, akaoa, akajenga, akastaafu. Kutoka kwenye muziki alibaki na kitu kimoja tu, gitaa kavu alilonunua kwa fedha zake, kwa kuwa magitaa ya umeme yalikuwa mali ya bendi.

Gitaa hilo lilikaa sebuleni, juu ya kabati, ndani ya mfuko wa turubai. Kwa miaka sita hivi hakuna aliyelisikia. Ukimuuliza mzee atakwambia muziki wa siku hizi umeharibika, hana wa kupiga naye, waliobaki wamezeeka. Sote tuliamini hivyo.

Mwaka jana binti yangu wa pili, mwenye miaka 12, alianza kuimba kwenye kwaya ya shule. Mwalimu wao anapiga gitaa, naye akalitamani. Aliporudi nyumbani hakuja kuniomba mimi wala baba yake. Alikwenda moja kwa moja kwa babu yake, akamwambia, "Mume wangu, lile gitaa la juu ya kabati unamwekea nani?" Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake gitaa lilishuka.

Wiki ya kwanza nyumba ilijaa furaha. Mzee aliketi barazani, mjukuu mbele yake, anamwelekeza kwa maneno: kidole hiki hapa, kile pale, bonyeza, usilegeze. Wiki ya pili nikaona mtoto anaosha vyombo kwa mkono mmoja. Nilipomshika ule wa kushoto nikakuta ncha za vidole vitatu zina malengelenge, moja limepasuka. Nikamwambia apumzike. Akasema babu amesema maumivu ndiyo karo ya gitaa, kila mpigaji ameilipa.

Ni kweli kiasi fulani. Kila anayejifunza gitaa la nyuzi za chuma huumia vidole mwanzoni, mpaka ngozi ya ncha iwe ngumu, kazi inayochukua wiki kadhaa. Wapigaji wote watakwambia hivyo. Lakini kuna maumivu ya kujifunza na kuna maumivu ya kifaa kisichokufaa, na mwenye kuyatofautisha ni mtu anayejua. Wiki ya tatu binti yangu alisema maneno ambayo mzazi yeyote angeyasikia kwa uchungu: "Mama, nadhani mimi sina vidole vya gitaa." Nikalifunga gitaa kwenye kanga, nikalipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko anayetengeneza magitaa na vipaza sauti.

Fundi yule hakuligusa kwanza kwa kupiga. Aliinama akalitazama kwa ubavu, kama seremala anavyotazama ubao kama umepinda. Kisha akachukua kipimo chake cha chuma, akabana uzi mwembamba kuliko wote, akasoma. "Dada," akasema, "hizi ni kumi na tatu. Na zina kutu. Anayepiga ni nani?" Nikamwambia ni mtoto wa miaka 12. Akatikisa kichwa.

Basi nikapata somo langu, nalo nawapa na nyinyi wazazi wenzangu.

Unene wa nyuzi za gitaa hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Gitaa lina nyuzi sita, na seti nzima huitwa kwa unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba ulio chini kabisa unaposhika gitaa. Ukisikia "namba kumi," maana yake uzi wa kwanza una unene wa elfu kumi za inchi, yaani kama robo ya milimita. "Namba kumi na mbili" ni kama milimita 0.3. Tofauti hiyo macho hayaioni, ila vidole vinaijua mara moja.

Sababu ni hii. Chukua nyuzi mbili za urefu mmoja, moja nene na moja nyembamba, uzikaze mpaka zitoe sauti ileile. Ile nene itadai ikazwe kwa nguvu zaidi, kwa kuwa ina uzito zaidi wa kutikisa. Ukitoka namba 12 kushuka namba 10, mvuto wa uzi wa kwanza hupungua kwa karibu asilimia 30, na sauti inabaki palepale. Ukijumlisha nyuzi zote sita, seti ya namba 13 kwenye gitaa kavu huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 80. Namba 12 ni zaidi ya kilo 70. Namba 10 hukaribia kilo 60. Mzigo huo unabebwa na shingo ya gitaa na kipande cha mbao kilichogundishwa kifuani ambako nyuzi hufungwa. Kidole cha mtoto ndicho kinachopambana nao kila anapobonyeza.

Basi kwa nini watu wasiweke nyembamba wote, mambo yaishe? Fundi alinijibu kwa kugonga ubao wa meza yake, kwanza kwa kalamu, halafu kwa kishikio cha nyundo. Uzi mnene una nguvu ya kutikisa kifua cha gitaa, kwa hiyo sauti yake ni kubwa na imejaa. Uzi mwembamba ni rahisi kubonyeza na kuvuta, lakini sauti yake ni nyepesi, hukatika upesi, na ukiupiga kwa nguvu huyumba na kugonga vyuma vya shingoni, ukatoa mlio wa kukwaruza. Kila namba inakupa kitu na kukunyang'anya kingine.

Hapo nikaelewa kwa nini mzee alikuwa na namba 13. Enzi zake, vifaa vya muziki kutoka nje vilikuwa haba. Mwenyewe husimulia jinsi walivyochemsha nyuzi kuukuu kwenye sufuria ili uchafu utoke na mlio urudi, na jinsi uzi uliokatika ulivyofungwa fundo na kurudishwa kazini. Anasema alimwona mwenzao mmoja akitumia waya wa breki ya baiskeli. Kwa mtu wa hali hiyo, uzi mnene ulikuwa akiba, kwa kuwa haukukatika ovyo. Tena gitaa kavu lilipaswa kusikika barazani penye watu thelathini bila kipaza sauti. Alichagua sawasawa kwa maisha yake. Gitaa lilikuwa bado limevaa nyuzi za maisha hayo, wakati mkono ulioshika ulikuwa mwingine.

Fundi alishauri tuweke namba 10 au 11, asafishe shingo, na ashushe kidogo urefu wa nyuzi kutoka kwenye ubao wa shingo, maana nao ulichangia. Hili la urefu wa nyuzi wazazi wengi hawalijui. Wakati mwingine uzi ni mwembamba vya kutosha, lakini umekaa juu mno, na mtoto anabonyeza umbali mrefu kabla haujagusa chuma. Kabla ya kununua nyuzi mpya, mwombe mtu anayejua alitazame hilo kwanza.

Gharama haikuwa tatizo. Nyuzi na kazi ya fundi tungevimudu. Tatizo lilikuwa kwamba gitaa ni la baba mkwe wangu.

Msomaji aliyeolewa ananielewa. Mkwe ni mtu wa heshima. Mimi namwamkia shikamoo asubuhi, namwekea maji ya kunawa, nazungumza naye habari za shamba na za watoto. Simwambii kwamba nyuzi za gitaa lake hazifai, wala kwamba mafunzo yake yanamuumiza mtoto. Nikamwomba mume wangu aseme naye. Mume wangu akajibu kwamba gitaa la baba yake halijawahi kuguswa na mtu tangu yeye akiwa mdogo, na kwamba aliwahi kuchapwa kwa kukata uzi mmoja. "Sema wewe," akaniambia. Nikamwambia, "Mimi? Mkwe?" Tukaishia hapo. Gitaa likakaa siku nne ndani ya kanga, na binti yangu hakuuliza limekwenda wapi. Kule kutouliza kwake ndiko kulikoninyima usingizi.

Wazee wetu walijua wanachofanya walipoweka utani kati ya babu na mjukuu. Neno ambalo mtoto hawezi kumwambia baba yake, na mkwe hawezi kulitamka kabisa, mjukuu hulisema akicheka, na mzee hulipokea akicheka. Jumapili moja baada ya chakula nilimrudishia binti yangu gitaa, nikamweleza kwa kifupi aliyoyasema fundi, nikaingia jikoni. Sikumtuma. Nilimwachia tu.

Nikamsikia anasema, "Mume wangu, leo nipigie wewe. Wimbo mmoja tu. Tangu nimeolewa hujanipigia hata siku moja."

Kimya kikapita. Kisha nikasikia nyuzi zikiguswa, mbili tatu, halafu mlio uliokufa, kama uzi uliobonyezwa nusu. Tena. Tena. Nilichungulia dirishani. Mzee alikuwa ameshika shingo ya gitaa, kidole cha shahada amekilaza juu ya nyuzi zote sita, namna wapigaji wanavyofanya, na mkono ulikuwa unamtetemeka. Viungo vya vidole vyake vimevimba kwa baridi yabisi, jambo tulilokuwa tunaliona kila siku anaposhika kikombe, na hakuna aliyelihusisha na lile gitaa la juu ya kabati. Muziki wa siku hizi haukuwa na kosa lolote. Mzee alikuwa hawezi tena kubonyeza nyuzi zake mwenyewe, na kwa miaka sita hakumwambia mtu.

Nikaona aibu kwa niaba yake, nikataka kurudi ndani. Lakini mtoto hakuwa na aibu yoyote. Alimshika babu yake vile vidole, akavitazama, kisha akainua vya kwake vyenye malengelenge, akaviweka kando ya vile. "Ona," akasema, "wewe mzee, mimi mtoto, na sote wawili hizi nyuzi zimetushinda. Fundi wa sokoni anasema ziko nyuzi za watu kama sisi."

Mzee alikaa muda mrefu akivitazama vile vidole. Mwishowe akasema, "Za namba ngapi?"

Fundi aliweka namba 10. Siku gitaa liliporudi, binti yangu alibonyeza kwa mara ya kwanza mkao wa vidole vitatu na nyuzi zote zikalia. Alipiga kelele iliyomfanya jirani aje kuuliza kuna nini. Mzee naye akalichukua, akapiga, akakunja uso. "Hii ni sauti ya mbu," akasema.

Alikuwa na haki. Mkono wake wa kulia, ule wa kupigia, haukuwa na ugonjwa wowote. Ulikuwa bado ni mkono wa mtu wa bendi, unapiga kwa nguvu, na nyuzi nyembamba zilikuwa zinakwaruza chini ya kidole gumba chake. Tukampelekea fundi tena. Safari hii mzee alikwenda mwenyewe, na walikaa saa nzima wakizungumza kama watu waliopotezana.

Huko ndiko tulikopata dawa ambayo nisingeijua. Fundi aliweka namba 11, kisha akalilegeza gitaa zima kwa nusu tuni, yaani kila uzi ukawa chini kidogo kuliko kawaida yake. Ukishusha sauti kwa nusu tuni mvuto hupungua kwa asilimia 11 hivi. Ukishusha tuni nzima hupungua kwa karibu asilimia 20. Kwa hiyo uzi ulikuwa mnene kiasi cha kuvumilia mkono wa kulia wa mzee, na umelegea kiasi cha kuuhurumia mkono wake wa kushoto. Binti yangu anapotaka kupiga pamoja na kwaya, anafunga kapo, kile kibanio cha shingoni, kwenye chuma cha kwanza, na gitaa linarudi kwenye sauti ya kawaida.

Wakiwa pale fundi alimsimulia mzee habari za Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath ya Uingereza. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, alikatwa na mashine ncha za vidole viwili katika kiwanda cha mabati mjini Birmingham. Vilikuwa vidole vya mkono wa kubonyezea, kwa kuwa anapigia mkono wa kushoto. Aliambiwa asahau gitaa. Yeye akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, akaweka nyuzi nyembamba za banjo kwa kuwa nyuzi nyembamba za gitaa zilikuwa adimu, na baadaye akaanza kulegeza gitaa lake ili lisimuumize. Mlio ule mzito uliolegezwa ukawa ndiyo alama ya bendi yake, na wengi wakauiga. Mzee hakuwahi kuisikia bendi hiyo na sidhani kama ataipenda, ila habari ile aliirudia nyumbani mara tatu.

Naye alikuwa na yake ya kuongeza. Alituambia kwamba wapigaji wa Kongo walikuwa na ujanja wa kuondoa uzi wa nne wa gitaa na kuweka mwembamba mahali pake, unaolia oktava moja juu, na gitaa hilo wakaliita mi-kompoze. Ndilo linalotoa zile sauti za kumetameta katikati ya solo na ridhimu unazozisikia katika muziki wao na usizijue zinatoka wapi. Alizungumza pia juu ya Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, ambaye kwa kidole gumba na cha shahada tu alifanya gitaa moja lisikike kama mawili. Yote haya mzee alikuwa nayo kichwani miaka hiyo sita, na sisi tukidhani amekinai muziki.

Kwa mzazi anayetaka kumnunulia mtoto gitaa, nimekusanya machache niliyofunzwa na watu hawa wawili.

Kwanza, jua aina ya gitaa kabla ya kujua namba. Kuna gitaa la nyuzi za plastiki, yaani nailoni, lenye shingo pana. Nyuzi zake huvuta kwa jumla ya kama kilo 40 tu, na ni laini kwa vidole vya mtoto mdogo. Usikubali mtu yeyote akuwekee nyuzi za chuma kwenye gitaa hilo eti zina sauti nzuri. Halikujengwa kwa mzigo huo. Kifua kitavimba au kile kipande kinachoshika nyuzi kitabanduka, na hasara itakuwa yako.

Pili, kwa gitaa kavu la nyuzi za chuma, anayeanza aanze na namba 10 au 11. Namba 12 ndiyo wanayotumia wengi waliozoea, na magitaa mengi huja nayo kutoka kiwandani. Namba 13 waachie wenye mikono iliyokomaa wanaotafuta sauti kubwa. Kwa gitaa la umeme, ambalo sauti yake inakuzwa na kipaza sauti, namba 9 au 10 zinatosha. Kwa besi hesabu ni tofauti kabisa. Seti ya kawaida ya nyuzi nne huanzia 45, na uzi mnene kuliko wote hufika 105 au karibu yake.

Tatu, usichanganye nyuzi za gitaa kavu na za umeme. Nyuzi nene za gitaa kavu huzungushiwa waya wa shaba, na gitaa la umeme husikia kwa sumaku, ambayo shaba haiiitikii. Soma pakiti, au mwulize muuzaji.

Nne, ukibadilisha namba kwa hatua kubwa, kama sisi tulivyotoka 13 kwenda 10, mpitishie fundi. Mvuto ukipungua, shingo iliyozoea kuvutwa inaweza kurudi nyuma na nyuzi zikagonga vyuma. Magitaa mengi ya chuma yana ufito ndani ya shingo unaorekebisha hilo kwa kuzungusha kidogo, lakini si kazi ya kujaribia nyumbani kwa spana ya baiskeli.

Tano, nyuzi zenye kutu zibadilishwe hata kama hazijakatika. Kutu hukwaruza kidole na kuua mlio. Mfundishe mtoto kuzifuta kwa kitambaa kikavu kila amalizapo kupiga.

La sita si la dukani. Mtoto akikwambia kitu kinamshinda, kabla hujamwambia avumilie, kitazame kile kitu chenyewe. Tunawalea watoto kwa methali ya mvumilivu kula mbivu, nami naiamini. Lakini kuna watoto wanaovumilia kiti kirefu kuliko miguu yao, kalamu isiyotoa wino, miwani ya mwaka juzi, na mwisho wanahitimisha kwamba wao ndio wenye kasoro. Uvumilivu una thamani pale kifaa kinapokuwa sawa na mtu. Na wazee vilevile. Mzee akiacha jambo alilolipenda, akatoa sababu ya jumla kuhusu dunia ilivyoharibika, mtazame mikono, macho na magoti kabla ya kukubali kwamba ni dunia.

Sasa ni miezi minane. Vidole vya binti yangu vimekomaa, na ameanza kulalamika kwamba gitaa lina sauti ndogo kwenye kwaya. Anataka namba 12. Babu yake alimsikiliza, akamjibu kwamba namba 12 ni zake akinunua gitaa lake, kwa kuwa hili lina mume mwenye baridi yabisi. Ameanza kuweka akiba kwenye kopo, na baba yake ameahidi kumwongezea nusu. Mzee hapigi kila siku. Baridi ikizidi, mwezi wa Juni na wa Julai, vidole hukataa kabisa, naye hulirudisha gitaa juu ya kabati. Lakini sasa husema wazi, "Leo mkono umekataa," na mjukuu anapiga, yeye anaelekeza.

Kwenye droo ya kabati hilo kuna pakiti tupu ya nyuzi alizonunua mara ya mwisho. Ameiandika kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko wake wa zamani ulioinama: tarehe, "namba 11," na chini yake, "nusu tuni." Nilipomuuliza anamwandikia nani, alisema ni kwa yeyote atakayelishika baadaye, ili ajue kwamba ilikuwa ni kwa ajili ya mkono wake yeye, na kwamba huyo naye apime wa kwake.